Mboni ya Mama Mkwe

Adabu inataka mtu asimkodolee macho mama mkwe wake. Mimi wangu nilimkodolea asubuhi nzima, jicho lake moja likiwa limejaa skrini ya inchi ishirini na saba, kope moja moja zikihesabika, na nilifanya hivyo kwa ruhusa ya kampuni. Nasema mapema ili asije mtu akanihubiria baadaye. Nilishajihubiria mwenyewe vya kutosha.

Mimi ni fundi wa mashine ya macho kwenye kampuni ya mabasi ya wanafunzi. Si daktari, na simtibu mtu. Dereva anakuja, anakaa kwenye kiti cha basi kuukuu tulichokifunga kwa boliti sakafuni, anashika usukani usiokwenda popote, na barabara ya kuchora inampitia kwenye skrini tatu: moja mbele, moja kulia, moja kushoto, vioo vya pembeni vikiwa vimechorwa humo humo. Chini ya skrini ya mbele kuna kamera, na taa ambazo mwanga wake hauonekani. Kamera inachukua video ya macho, programu inaitafuta mboni, inaiwekea alama ya msalaba, kisha inakisia dereva anatazama wapi. Baada ya dakika ishirini inatoa maksi. Ukipata chini ya sabini, unarudisha funguo za basi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya matairi. Dirisha tumeliziba kwa maboksi kwa sababu jua huichanganya kamera, na harufu ya mpira imekataa kuhama. Meneja wetu tunamwita Bwana Ripoti. Aliiona mashine hii kwenye maonyesho, ikamwingia moyoni, na tangu siku hiyo anaamini kila kinachotoka kwenye printa. Ukimwambia nje kuna mvua, atakwenda dirishani kuhakikisha. Ukimletea karatasi iliyoandikwa kuna mvua, atachukua mwavuli.

Ndani ya programu kuna ukurasa unaoitwa Mipangilio ya Kina. Ukiufungua, kwanza linatokea onyo jekundu: usibadilishe chochote kama huna uhakika. Wenzangu wakiliona onyo hilo hurudi nyuma. Mimi nilikuwa nalichukulia kama kadi ya mwaliko. Katika kampuni nzima ni mimi peke yangu niliyejua kila namba mle ndani inafanya nini, na nilikuwa najisikia, tena sana.

Mama mkwe ni dereva katika kampuni hiyo hiyo, miaka ishirini na sita bila kukwaruza hata rangi. Wenzake wanamwita Rula, kwa jinsi anavyolinyoosha basi barabarani na anavyowanyoosha watu nje ya barabara. Mke wangu ni matroni kwenye basi la mama yake: anakaa kiti cha mbele kushoto, karibu na mlango, anawapandisha watoto na kuwashusha. Kwa hiyo ukweni kwangu wote wanafanya kazi ya maana, halafu kuna mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama mkwe aliniuliza nafanya nini hasa kazini. Nikamweleza kwa kirefu, kamera, mboni, taa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo unawatazama watu wakitazama,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Na jioni unarudi nyumbani umechoka.”

Tangu hapo nilikuwa natafuta nafasi ya kumwonyesha kwamba mwanawe hakuolewa na kivuli. Nafasi ikaja zamu yake ya kupimwa ilipofika. Mwaka uliotangulia hakupimwa, mashine ilikuwa mbovu. Jumapili mchana tukiwa tunaosha vyombo, mke wangu aliniambia bila kunitazama:

“Kesho mpime mama kama unavyowapima wengine. Usiguseguse mambo.”

“Mambo gani?”

“Hayo mambo yako ya ndani ndani. Iache mashine ilivyo.”

Mume mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilinuna. Nilichoelewa ni kwamba mke wangu anaogopa nitamharibia mama yake, yaani hata yeye haniamini kwenye kitu kimoja ninachokijua hapa duniani. Nikakausha sahani ile ile dakika tano nzima, nikaapa kimoyomoyo kwamba kesho watanijua.

Jumatatu saa mbili asubuhi, wakiwa wameshawafikisha watoto shuleni, waliingia wote wawili, mama mbele, binti nyuma amebeba mkoba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe. Hiki ndicho kiti?”

Sare yake ilikuwa imepigwa pasi ikakubali. Na alikuwa amejipaka wanja. Sisemi wanja wa kawaida. Ulianzia kwenye kope, ukazunguka jicho, ukashika njia ya kwenda sikioni. Nimehudhuria harusi ambazo bibi harusi mwenyewe hakujipaka nusu yake. Mke wangu akasema atasubiri nje kwenye benchi, akanikata jicho, akafunga mlango.

Mara ya kwanza nilimpima na mashine ilivyo, ili nionekane mtiifu. Ilikuwa vichekesho vitupu. Programu hutafuta kitu cheusi cha mviringo kwenye jicho. Kwa mama mkwe ilikuta weusi kila upande, ikapotea njia. Msalaba uliruka kwenye kope za juu, ukashuka kwenye kona ya jicho, ukapanda kwenye nyusi, ukatulia huko kana kwamba umefika kwao. Kwa mujibu wa mashine, mama mkwe aliendesha basi dakika ishirini akikagua dari. Mwishoni karatasi ikatoka: DATA HAITOSHI.

Utaratibu wa kampuni unasema data isipotosha mara mbili, dereva anapimwa kizamani. Anasimama mbele ya bango la herufi, anasoma macho yote mawili yakiwa wazi, Bwana Ripoti anatia saini, tuonane mwakani.

“Mama, mashine imeshindwa kukuona,” nilisema.

“Mimi nimeiona vizuri.”

“Naomba turudie.”

“Ikishindwa tena si mnaandika imeshindwa, nasoma herufi zenu, naenda zangu?”

“Ndiyo, mama. Lakini siwezi kukubali uondoke hapa na karatasi kama hii.”

“Mimi karatasi haijanikera.”

Mtu mwingine angejiuliza huyu mama, ambaye hata mlio wa simu yake hubadilishiwa na watu, ameujuaje utaratibu wetu kifungu kwa kifungu. Mimi niliona mama anajikaza mbele ya mkwe. Nikamwonea huruma. Nikamwomba kwa heshima zote apunguze wanja kidogo tu, hasa huo wa juu.

“Mkwe,” alisema, “unaniambia nijifute uso mbele yako?”

Mjadala ukafungwa hapo. Nikafungua Mipangilio ya Kina, onyo jekundu likatokea, nikalipita.

Naomba nijisifu kidogo, maana ndiyo sehemu pekee ya siku ile niliyoifurahia. Nilianza na kizingiti cha weusi, ile namba inayoiambia programu kitu kiwe cheusi kiasi gani ndipo kiitwe mboni. Nikaiteremsha taratibu, pointi mbili mbili, mpaka kope zikafifia na mboni ikabaki. Halafu nikalibana eneo la kutafuta: badala ya uso mzima, nikachora kisanduku kuzunguka jicho tu, nyusi nikazifungia nje. Nikaongeza ukubwa wa chini wa mboni, ili vile vipande vya wanja vilivyojifanya mboni vikataliwe mlangoni. Taa nikazipunguza nguvu. Kila nikibadilisha namba, namwomba mama mkwe afuate nukta tisa kwa macho bila kugeuza kichwa, naye anazifuata huku akiguna.

“Bado tu?”

“Bado kidogo, mama.”

“Mimi kioo cha basi huwa nakishika mara moja.”

Katikati ya kazi Bwana Ripoti akachungulia mlangoni. Alimsalimu mama mkwe kwa woga, kama wanavyofanya wote, kisha akaniuliza karatasi iko wapi.

“Bado natengeneza mipangilio, bosi.”

“Mipangilio si ilikuja na mashine?”

“Ilikuja, lakini haikuja na mama.”

Akafikiri, akaona hilo haliwezi kuandikwa popote, akasema anataka karatasi mezani kwake kabla ya saa sita. Mlango ukafungwa. Mama mkwe alicheka puani, na mimi nikahesabu kicheko kile kama ushindi.

Kufikia saa nne jicho la kulia lilikuwa limekaa sawasawa, msalaba umetulia katikati ya mboni, hauyumbi hata akipepesa. Jicho la kushoto ndilo lililonitia wazimu. Mboni yake ilionekana safi, lakini haikutua kwenye nukta. Ilifuata la kulia kwa adabu tu, kama mtu anayeitikia ndiyo mkutanoni bila kujua kinachojadiliwa. Nukta ikienda juu kushoto, jicho la kulia linafika, la kushoto linaishia njiani. Na programu imezoea kuchukua wastani wa macho mawili, na wastani wa mkweli na mwongo mnajua unavyokuwa.

Nilijua kosa ni langu. Nikahangaika na jicho lile saa nzima, nikalibadilishia kizingiti, nikalipanulia kisanduku, nikakipuliza hata kioo cha kamera. Mwisho nikanyoosha mikono. Nikaenda kwenye kipengele kinachouliza litumike jicho lipi, nikachagua la kulia peke yake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshapandwa na mori wa kutengeneza, nikaondoa tiki moja ambayo sikuwahi kuiondoa kwa dereva yeyote: ile inayosema tupa kila kilicho nje ya skrini. Nilitaka data ya mama mkwe iwe nyingi mpaka Bwana Ripoti aishiwe wino.

“Sasa endesha kama kila siku, mama,” nilimwambia. “Sahau kabisa kama uko hapa.”

Akasahau. Sijui kama niliwahi kumtazama akifanya kazi yake. Mikono ilikuwa haina haraka, breki zinashika pole pole, anaanza kupunguza mwendo kabla hata taa haijafikiria kubadilika. Ilikuwa raha kumtazama, nami nikajivuna kwa niaba yake. Niliona kwamba kila akikata kushoto anageuza kichwa kidogo na midomo inacheza, kama mtu anayeuliza kitu. Nikadhani anaitukana mashine, jambo ambalo madereva wengi hulifanya.

Maksi zikatoka: arobaini na tatu. Kioo cha kushoto: sifuri.

Nikasema programu imekosea. Nikafungua ramani ya macho, ile picha inayopaka rangi nyekundu kila mahali dereva alipotazama sana. Barabara ya mbele, nyekundu nzuri. Kioo cha kulia, nyekundu. Kioo cha kushoto, hakuna hata doa, kana kwamba hakijawahi kutengenezwa. Halafu nje kabisa ya skrini ya kushoto, chini kidogo, mahali ambapo mashine yetu haina kitu, kulikuwa na doa jekundu zito. Alikata kushoto mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne macho yake yalikwenda pale. Nikageuka kutazama pana nini. Palikuwa na mtungi wa kuzimia moto. Nikakaa najiuliza mama mkwe wangu ameupendea nini mtungi wa kuzimia moto.

Kisha nikakitazama kiti alichokalia, kiti cha basi halisi, nikaijenga kichwani sehemu ya basi iliyobaki. Usukani hapa, gia hapa, ngazi kule, na mbele kushoto, karibu na mlango, chini kidogo ya usawa wa kioo, kiti cha matroni. Alikuwa hautazami mtungi. Alikuwa anamtazama mke wangu.

Nikairudisha programu kwenye macho yote mawili.

“Mama,” nilisema, “naomba ufunike jicho la kulia kwa kiganja.”

“Kwa nini?”

“Kurekebisha tu.”

Alifunika, tena kwa kuchelewachelewa. Nikaweka nukta moja katikati ya skrini ya mbele, kubwa kuliko inavyoruhusiwa.

“Nukta iko wapi, mama?”

“Ipo.”

“Ipo wapi?”

“Si hapo ulipoiweka.”

Nikaizima. Skrini ikabaki nyeupe.

“Na sasa?”

“Hapo hapo.”

Kwenye skrini yangu jicho la kushoto lilikuwa wazi, kubwa, limerembwa, likitazama mahali pasipo na kitu. Nilijikuta nimeinamisha uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukumbuka kwamba huyu ni mkwe wangu.

“Tangu lini, mama?”

Akateremsha kiganja, akakiweka juu ya usukani.

“Inakaribia miaka miwili. Presha ya macho. Mimi nilidhani ni uzee, nikachelewa kwenda. Daktari akasema la kushoto limekwenda, tulilinde hili.”

“Na wanja?”

“Wewe si ndiye uliyesema? Mezani kwako, tukila. Wanja mwingi unaichanganya programu, inadhani kope ni mboni, tunaandika data haitoshi. Ukacheka mpaka ukapaliwa.”

Kweli nilisema. Nilitaka kuwachekesha. Miaka yote natamani mama mkwe ayasikilize mambo ya kazi yangu, kumbe alilolisikiliza ni hilo moja, akalifanyia kazi.

“Sasa hizo namba ulizozibadilisha,” alisema, “zinarudi?”

Zinarudi. Kipo kitufe kabisa: Rudisha Mipangilio ya Awali. Hakiulizi hata kama una uhakika. Ningekibonyeza, jaribio la pili lingefutika, msalaba ungerudi kwenye nyusi, herufi zingesomwa, na mama mkwe angerudi kwenye basi lake. Nami ningekuwa, kwa mara ya kwanza tangu nioe, mkwe mwenye faida. Nakiri nilikisogelea kitufe kile. Nakiri pia nilijipa maneno matamu: miaka ishirini na sita, hata rangi haijakwaruzwa, jicho moja la Rula lina akili kuliko macho ya madereva wetu wanane. Na mengi kati ya hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana mkono ulichelewa kurudi.

“Kwanza tazama kitu hiki, mama,” nilisema.

Nikainyanyua skrini yangu na nyaya zake, nikazunguka kiti, nikaiweka upande wake wa kulia. Nikacheza video ya kona ya tisa. Basi linaanza kukata kushoto. Duara dogo linaloonyesha macho yake linatoka nje ya skrini, linakwenda kwenye mtungi, linasubiri, linarudi barabarani. Na kwenye kioo cha kushoto, mchana kweupe, anakuja mtu wa baiskeli. Mashine yetu ni ile ya bei ya chini, haina ajali ndani yake. Watu wake wa kuchora hupenya kwenye basi wakatokea upande wa pili. Mtu wa baiskeli akapenya.

“Rudisha nyuma,” alisema mama mkwe.

Nikarudisha. Alitazama mara tatu.

“Huyu nilimwona wapi?”

“Hukumwona, mama.”

“Nilisubiri neno.”

“Ndiyo.”

“Hakuna aliyesema kitu, nikakata.”

Alikuwa hasemi na mimi. Mlango ulikuwa umefunguka, na mke wangu alikuwa amesimama pale na mkoba mkononi, anaitazama ramani nyekundu. Hakuhitaji kuelezwa doa lile ni nani.

“Nilikwambia usiguse,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Ningependelea anifokee.

Nilipandwa na hasira, na nisijifanye mwema, hazikuwa hasira za usalama barabarani. Niliumia. Miaka miwili tunalala kitanda kimoja, ananisimulia mpaka nani kamwaga maji kwenye siti ya nyuma, na hili akalimeza.

“Ulishindwa kuniambia mimi?”

“Wewe ukijua kitu unakaa nacho siku ngapi?”

Hata hilo la wanja sikuweza kukaa nalo.

“Ni mama yangu,” alisema. “Kila kona namwambia. Kushoto peupe. Kuna pikipiki. Ngoja kwanza. Kila kona, miaka miwili, hajagusa hata ukingo wa barabara. Jicho lake la kushoto ni mimi. Hilo mashine yako inalipimia wapi?”

“Haina mahali.”

“Basi rudisha ilivyokuwa. Mimi nipo pale kila siku.”

Ilikuwa hoja kweli. Nilikuwa nawaza tu kwamba mashine imemkuta mama mkwe peke yake, na mashine ni mashine, na barabarani hayuko peke yake. Nilikuwa karibu kukubali, na ningekubali. Aliyejibu ni mama mkwe.

“Si kila siku,” alisema.

Mke wangu akamgeukia.

“Mwezi wa pili,” mama mkwe alisema. “Ulipolazwa.”

“Zile siku basi lilikuwa gereji.”

“Nilikuambia liko gereji ili utulie ulale.”

Nazikumbuka siku zile. Mimi nilikuwa nalala kwenye kiti cha wodini, na mama mkwe alikuja kila alasiri na sare yake, akakaa kitandani upande wa miguu, akasema leo mafundi wamechelewesha tena. Tulimwamini wote wawili. Nani amwulize Rula risiti ya gereji?

“Siku ngapi?” mke wangu aliuliza.

“Nne.”

“Ulifanyaje?”

“Kama hivyo.” Akaionyesha skrini kwa kidevu. “Nilitazama kiti, nikasubiri kidogo, nikakata.”

Watoto thelathini na wawili, siku nne, kwenda na kurudi. Nilianza kuzihesabu kona, nikaacha. Mke wangu alikuwa na haki ya kulia na hakulia. Watoto wale anawajua kwa majina, kwa viatu, nani hutapika akikaa nyuma na nani husinzia kabla ya kufika. Nadhani alikuwa anawapitia mmoja mmoja.

Alikuja mezani, akaninyang'anya kipanya. Vitufe viwili viko bega kwa bega, Rudisha Mipangilio ya Awali na Tuma Matokeo. Aliyeiunda programu ile hakuwa na mama mkwe.

“Ni hiki cha kulia?” aliuliza.

“Ndicho.”

Akabonyeza Tuma. Alibaki amekishikilia kile kipanya muda mrefu baada ya skrini kuandika kwamba matokeo yamefika. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa, nikamshika. Hakunisukuma.

Mama mkwe alikuwa bado kwenye kiti, mikono miwili kwenye usukani, hajaambiwa ashuke na hajajaribu.

“Imekwenda?”

“Imekwenda, mama.”

“Basi mpigieni huyo Bwana Ripoti simu, asikae akaisoma tu. Watoto wanatoka saa tisa, atafutwe dereva.” Akaunyoosha usukani. “Na huyo dereva aambiwe kuna yule mdogo wa darasa la kwanza, anayeshukia kwenye ukuta wa bluu. Akishuka hupita mbele ya basi, na ni mfupi, haonekani kwenye kioo chochote. Asiondoe gari mpaka amwone amevuka.”

Nikachukua simu.